Mashuka ya Loji ya Kwamtonga

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baada ya swala ya alfajiri. Mume wangu Zahoro bado hajarudi kutoka msikitini.

Mzee Benedict alipiga tena jana. Kweli anauza loji. Vyumba kumi na viwili, jiko kubwa, jenereta, shamba mpaka mtoni. Kwamtonga — mwendo wa saa nne kutoka Morogoro mjini kwa barabara ya vumbi. Nguzo za umeme zinaishia kijiji cha nyuma. Anasema hataki kumuuzia mtu asiyemjua. Miaka saba ananunua mashuka kwangu, tumeonana uso kwa uso mara mbili, lakini ananiita binti yangu.

Zahoro hakulala. Amepika miaka ishirini na sita kwenye jiko la hoteli ya watu, hapa hapa mjini, mpaka walipompunguza mwezi wa pili. Tangu hapo anashinda nyumbani Magomeni akipanga viungo kwenye makopo, kisha anavipanga upya. Jana aliposikia neno jiko akaweka kijiko chini.

Aliniuliza swali moja tu: hiyo loji ina wageni?

Nikafungua daftari la oda nikamsomea. Kwamtonga: pea ishirini na nne Machi mwaka jana. Ishirini na nne Julai. Thelathini Novemba. Ishirini na nne Februari hii. Zote nyeupe. Kuna hoteli za hapa mjini zenye vyumba arobaini hazinunui hivyo. Nikamwambia: Mashuka yanaisha kwa kulaliwa, Baba Amira. Hawa wana watu.

Nilisema kama mtu anayejua. Sasa naogopa kwa sababu ameniamini.

Jumanne, 17 Juni

Dukani, saa saba mchana. Wateja wachache.

Nimepima ufa. Uko ukuta wa nyuma, unaanzia sakafuni, unapanda kushoto mpaka usawa wa bega langu. Wembe unaingia bila kusukuma. Nimeandika tarehe kwa penseli pembeni, kama nilivyofanya mwezi uliopita. Halafu nimerudisha shuka la maonyesho, lile la sita kwa sita la maua ya zambarau. Linafunika lote.

Wapangaji wa nyuma wanachimba chini kupata stoo. Wanachimba asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa. Mwezi uliopita nilimwita msimamizi wa jengo. Akagonga ukuta kwa pete yake. Ni plasta tu, mama, akasema. Plasta haitoi upepo. Huu ufa unatoa upepo. Nikiweka kiganja nausikia, wa baridi.

Tangu lile ghorofa liporomoke mwaka jana, watu wa Kariakoo tumejifunza kutazama juu kabla ya kuingia dukani. Lakini huwezi kusema jengo lako lina ufa. Ukisema, nani atakupa kilemba, ile hela ya kuachiwa duka? Sisi tulipoingia miaka kumi na tano iliyopita tuliuza kiwanja cha Mbagala kumlipa kilemba aliyekuwepo ili atuachie fremu. Tukitoka, atakayeingia atatulipa sisi. Hiyo ndiyo hela ya loji. Hakuna hela nyingine popote. Na nikitoka sirudi. Fremu ya mtaa huu ukiiachia leo, kesho huifikii tena.

Kukaa naogopa. Kuondoka naogopa.

Jumatano, 18 Juni

Heriel amepata habari. Sijui kwa nani. Fremu yake imepakana na yangu, anauza mabegi ya safari. Kijana wa Rombo, mchapakazi, mdomo haupumziki.

Shikamoo dada, nasikia unahamia kwa nyani.

Nikamwambia marahaba, na nyani hawana kelele kama wewe.

Akacheka, akasogea, akashusha sauti. Kama kweli ninatoka, nisitangaze. Yeye anachukua. Kilemba chote kwa mkupuo, hapangi awamu. Mkewe Nice anakaa kwenye korido kwenye kigoda na mtoto wa miezi saba, kwa sababu duka lao limejaa mabegi mpaka mlangoni. Watu wanamruka mtoto kama dimbwi, anasema.

Ni kweli. Leo asubuhi na mimi nilimruka.

Nikaendelea kukunja mashuka. Alikuwa ameegemea shuka la zambarau.

Ijumaa, 20 Juni

Amira ameandika kutoka chuoni Dodoma. Mama, huko porini kuna mtandao? Halafu akaweka picha ya kiboko anacheka.

Sikucheka. Nimezaliwa Gerezani, nikaolewa Magomeni. Maisha yangu yote sijawahi kulala mahali ambapo sisikii gari.

Jumatatu, 23 Juni

Kitambulisho cha taifa kinaingia kwenye ufa, upande mwembamba. Jumanne ya wiki iliyopita ulikuwa wembe.

Nimemwambia Zahoro. Akasema, unaona? Twende tukaione loji Jumamosi. Alisema kwa upole. Alikuwa ameshanunua tiketi za treni.

Jumapili, 29 Juni. Kwamtonga

Alfajiri. Nimeswali kwa saa ya simu, adhana haifiki huku. Zahoro amelala fofofo. Mimi nimesikiliza ukimya tangu jana jioni.

Niandike kwa mpangilio.

Treni ya umeme mpaka Morogoro, haraka na safi. Kisha Noah ya kukodi. Saa ya kwanza lami, saa tatu mashimo. Daraja moja la mbao dereva alitushusha tukavuka kwa miguu, akaja na gari tupu nyuma yetu. Nikamuuliza masika mnavukaje. Akajibu, masika hatuvuki.

Mzee Benedict alitupokea getini kwa koti na tai. Amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Karibu binti yangu, karibu nyumbani. Maua kila mahali, njia imefagiliwa, mawe yamepakwa chokaa. Pazuri. Siwezi kudanganya, pazuri sana.

Hakuna mgeni. Hata mmoja. Mzee alisema Jumamosi huwa siku mbaya, wengi huja katikati ya wiki. Zahoro akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaingia jikoni. Majiko manne, meza ya mawe, dirisha linatazama mto. Akavua saa yake akaiweka dirishani, kama alivyokuwa akifanya kazini zamani. Akatupikia kuku. Akaimba. Tangu Februari sijamsikia akiimba.

Mimi nilikagua vyumba. Vyote kumi na viwili. Mashuka meupe, yangu, yametandikwa vizuri. Lakini yana mikunjo ya pakiti. Shuka likifuliwa hata mara moja mikunjo ile haipo. Vitanda ishirini na nne, vyote na mashuka ambayo hayajawahi kuguswa na maji. Nikajiambia ametuheshimu, ametandika mapya kwa ajili yetu.

Maji ya bafuni yalitoka na harufu ya misumari. Mzee akasema bomba limekaa bila kutumika, yaache yatiririke kidogo. Niliyaacha mpaka ndoo ikajaa. Harufu haikuondoka.

Sasa kumepambazuka. Ngoja nitoke nje.

Jumapili hiyo hiyo, kwenye treni

Niandike kabla hatujafika. 

Nilizunguka nyuma ya jiko, nikapita migomba. Kuna kamba zimefungwa mti hadi mti. Juu yake mashuka. Mengi. Nilidhani ni ya kahawia. Nikashika pindo la moja nikaona mshono wangu — ule wa nyuzi mbili wa fundi wangu wa Mtaa wa Sikukuu. Shuka nililouza jeupe.

Dada mmoja alikuwa anasuuza kwenye beseni. Anaitwa Violeth, anafanya usafi. Nikamuuliza haya ni ya nani.

Ya loji. Akatazama chini. Tuliambiwa leo yasianikwe mbele.

Nikamuuliza yamepatwa na nini. Akanyanyua beseni anionyeshe. Maji ya kisima, mama. Yana kutu. Shuka jeupe ukilifua mara tatu linakuwa kama limefuliwa kwa chai. Mara ya nne mzee anasema hili si la mgeni, toeni. Anaagiza mengine.

Halafu akanitazama vizuri. Wewe ndiye Mama Amira? Wa kwenye pakiti?

Kila pakiti ina karatasi yangu: Mama Amira Mashuka, Kariakoo, na namba ya simu. Nikasema ni mimi. Akafuta mikono akanishika. Mungu akubariki, mama. Kijiji kizima tunalalia mashuka yako.

Nikamuuliza kuhusu wageni. Nilijua jibu lakini niliuliza. Wapo, akasema. Krismasi walikuja wawili. Halafu mwezi huu mmoja, gari lilimharibikia.

Sasa mnafua nini?

Akashangaa kwamba sielewi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatandua vyumba vyote, tunafua, tunatandika. Marehemu mke wa mzee alitaka hivyo, mgeni akitokea asikute vumbi. Mzee hajabadilisha.

Nilizitazama kamba tena. Oda zote zile. Ishirini na nne, thelathini, ishirini na nne. Hakuna aliyelala humo. Mashuka yameliwa na maji.

Violeth akasema, usiseme nimesema. Nikamwambia sitasema.

Zahoro amekaa mkabala nami. Anaandika vyakula nyuma ya tiketi. Samaki wa kuoka, wali wa nazi, mchicha wa karanga. Ameniuliza kama wazungu wanakula bamia. Nimesema sijui.

Sijamwambia. Nitamwambia tukifika.

Jumatatu, 30 Juni

Tumefika. Sijamwambia.

Dukani nimefunua shuka. Sarafu ya mia imeingia na ikabaki humo. Nimeitoa kwa kibanio cha nywele. Upepo uleule wa baridi. Nimeweka tarehe. Sasa kuna tarehe nne zimepangana ukutani kama alama za urefu wa mtoto.

Juu ya sarafu kulikuwa na unga mweupe. Nimeufuta kwa kanga.

Jumatano, 2 Julai

Nimehesabu ninachoogopa, nione kama kitapungua.

Ukuta. Maji. Daraja la mbao. Ukimya. Heriel asipojua. Heriel akijua. Zahoro asipoimba tena.

Hakijapungua.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemwambia Zahoro. Asubuhi, kabla ya chai, maana nikishapata chai napata na sababu za kunyamaza. Kila kitu isipokuwa jina la Violeth. Maji, kamba za nyuma, Krismasi wawili.

Aliketi kwenye kiti. Kisha akacheka kidogo. Basi si utuuzie mashuka ya kahawia.

Sikucheka. Akaacha naye.

Akasema: Uliniambia wana watu.

Nilikosea.

Daftari lako lile halikosei.

Daftari liliandika mashuka, Baba Amira. Watu niliwaongeza mimi.

Akainuka, akaenda kwenye makopo yake, akageuza la iliki mpaka maandishi yakatazama mbele. Alizungumza akiwa amenipa mgongo. Kisima kinaweza kuchimbwa kingine. Maji yana dawa. Ukuta ule wa dukani una dawa gani? Wewe kila siku unatoka hapa saa kumi na mbili unakwenda kukaa chini yake, na mimi nakaa hapa nasubiri simu. Unajua kila simu ikilia nadhani nini?

Sikujua. Miezi yote hii nilidhani anawaza jiko.

Nikamwambia tusubiri, tumwombe mzee atupe mpaka mwisho wa mwaka. Hapo ndipo akageuka. Akasema ameshampa Heriel neno. Jumanne, nilipokuwa nimekwenda kuchukua mzigo. Wamepeana mikono. Jumamosi Heriel anakuja na fundi kupima shelfu, anataka aanze kupanga mabegi kabla ya sikukuu ya Sabasaba.

Na ufa? Umemwambia ufa?

Akasema, ufa ni wako, Mama Amira. Wewe ndiye unaupima.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana maneno yameniingia.

Ijumaa, 4 Julai

Sarafu mbili za mia zimeingia kwa pamoja.

Mzee Benedict amepiga. Anauliza kama nitamletea mashuka mengine nikija, yale ya wiki iliyopita yameshafuliwa. Aliuliza kama baba anayeagiza sukari. Nikamuuliza taratibu, mzee, maji ya huko mmewahi kuyapima?  Akasema, mke wangu aliyanywa miaka thelathini. Kisha akasema, binti yangu, mimi sikukudanganya, ulikuja ukaona. Nikasema ndiyo. Mashuka mapya nayo niliyaona.

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimeketi chini ya shuka la zambarau nikizungumza naye, na hasira haikuja.

Jioni Heriel alileta zawadi, begi dogo la magurudumu, la bluu. La kwendea kwa nyani, dada. Nice alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni. Shikamoo mama Amira. Nikaitikia. Mtoto akanyoosha mkono akashika hereni yangu.

Nilifungua mdomo. Nilifika mpaka kwenye neno Heriel. Akasema naam dada. Akaingia mteja wa vyandarua.

Mteja alikaa nusu saa. Alipotoka walikuwa wameshafunga duka. Ningeweza kupiga simu. Namba yake ninayo.

Jumamosi, 5 Julai

Dukani. Saa tatu na robo asubuhi. Naandika juu ya kaunta. Nimesimama.

Nimekuja mapema kuliko wote. Nilitaka nione. Nimefunua shuka: ufa umevuka bega langu, umefika shingoni. Wapangaji wa nyuma wamechimba asubuhi hii pia, nilisikia sululu, na kila ikigonga unga ulishuka. Nimesogeza meza ya mauzo mbele, karibu na mlango. Nimerudisha shuka. Sijui kwa nini nimelirudisha. Mkono umezoea.

Zahoro yuko nje anazungumza na Mzee Benedict kwenye simu. Anacheka. Anamwambia wakubaliane habari ya kisima kwanza, halafu mengine. Amevaa shati la kazini, lile jeupe la mpishi. Alipotoka nyumbani aliniambia, utakachosema leo mimi sitakulaumu. Hakuniambia niseme nini.

Nikisema, kilemba hakuna. Heriel hatatoa, na kesho mtaa mzima utakuwa umejua, hakuna mwingine atakayetoa. Loji hakuna. Zahoro atarudi kwenye makopo yake. Mimi nitabaki hapa na ukuta, au nitatoka mikono mitupu.

Nisiposema, tunaondoka Jumatatu.

Heriel amepita saa tatu kamili. Ametazama huku na huku akapiga makofi. Dada, hapa nitaweka shelfu mpaka darini. Halafu akaonyesha nyuma. Na pale kwenye ukuta kuna ubaridi mzuri, pale patakuwa pa mama na mtoto. Akaniomba nishushe mashuka ya maonyesho fundi apate kupima. Amekwenda kumfuata fundi mtaa wa pili. Amesema dakika kumi.

Sijashusha hata moja.

Nice amebaki. Ameweka kigoda chake ndani kwa mara ya kwanza. Anauliza ninaandika nini. Nimesema oda. Ameniambia hapa pana hewa, mama Amira, kule korido mtoto anatoka vipele. Ametandika kanga sakafuni, kule nyuma. Ametia mto mdogo. Amemlaza.

Mtoto amelala chali. Shuka la zambarau linagusa miguu yake. Anavuta pindo kwa vidole vya miguu, analiachia. Analivuta tena. Kila likiinuka naona moja ya tarehe za chini. 17 Juni. Nice haioni kutoka pale alipo.

Kuna unga kidogo kwenye kanga. Labda ulikuwapo.

Nasikia sauti ya Heriel kwenye korido, anamtania fundi kuhusu kitambi chake.

Nimemwambia Nice amhamishe mtoto. Ameniuliza kwa nini.